Msongamano Porini Haukushuka na Mvua

Kauli inayotamba siku hizi, kuanzia ofisi za utalii hadi vijiwe vya madereva wa Arusha, ni hii: mgeni mwache aje. Wakija wengi, nchi imepata. Wakijazana, basi bidhaa yetu inauzika. Anayelalamika kwamba magari yamezidi mbugani huambiwa kuwa hajui biashara, au ana choyo cha kutaka pori libaki la wachache wenye fedha. Pembeni yao wamekaa waliokata tamaa. Hao hawautetei msongamano, ila wanasema vita imekwisha kupotea, dunia imejaa watu wenye simu na nauli, na maji yakimwagika hayazoleki.

Makala haya yanawajibu wote. Dai langu ni moja: msongamano porini haukuletwa na kudra. Uliamuliwa na watu, kwa malengo yaliyowekwa mezani, na watu wanaweza kuuondoa kwa uamuzi mwingine. Tena wapo waliokwisha kufanya hivyo, hapa hapa Afrika Mashariki, na hawakufilisika.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo ngao ya wanaonipinga. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi watalii milioni 5 ifikapo 2025. Korona ilikuwa imeingia, na watalii wa nje waliporomoka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Mwaka 2022 ikazinduliwa filamu ya Royal Tour, Rais Samia mwenyewe akiwa mwongozaji wa ziara. Mwaka 2023 wakafika milioni 1.8, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2.1. Kila hatua ilishangiliwa, na sina ugomvi na shangwe hiyo. Utalii unaiingizia nchi fedha nyingi za kigeni na unalisha familia kutoka Karatu hadi Paje. Ugomvi wangu ni na kipimo. Idadi ya vichwa getini inakueleza wangapi wameingia. Haikuelezi wamekwenda kurundikana wapi, saa ngapi, wamemwachia nini mwenye ardhi, wala kama mnyama waliyemfuata amepata kunywa maji.

Nenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kati ya Julai na Oktoba. Nyumbu wanakusanyika ukingoni mwa Mto Mara, maelfu kwa maelfu, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Mmoja anashuka hadi majini, ananusa, anarudi juu. Kundi zima linarudi naye. Vivuko vina namba, na madereva huvitaja redioni kwa namba hizo. Dereva anayeijua kazi yake huegesha mbali, nyuma ya vichaka, akazima injini na kusubiri, kwa kuwa anajua nyumbu wa mbele akitishika, kundi halivuki. Lakini redio imekwisha kusema. Magari yanafika kutoka kila upande, na nyumbu wa kwanza anapotia miguu majini yanawashwa yote kwa pamoja na kukimbilia ukingoni, vumbi juu, wageni wamesimama chini ya paa lililoinuliwa. Gari moja likikaa mahali ambapo nyumbu hutokea upande wa pili, walioko majini hugeuka kutafuta pengine, na pengine penyewe ni gema lisilopandika, na mamba wapo. Julai 2025 ilisambaa video kutoka Serengeti ikiwaonyesha watalii walioshuka kabisa kwenye magari na kujipanga ukingoni, wamesimama juu ya njia ya nyumbu. Watu wakawalaani watalii wale kwa siku kadhaa, kisha wakahamia habari nyingine.

Dereva naye tusimtwishe zigo lote. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola ana siku mbili tu na anataka picha. Bakshishi ya dereva, ambayo kwa wengi ndiyo ada ya watoto, inategemea picha hiyo. Akijiweka nyuma kwa heshima, wenzake watamtangulia, na mgeni wake ataandika kwenye intaneti kwamba alipewa dereva mzembe. Katika mpangilio wa namna hii muungwana ndiye anayekula hasara. Ndiyo maana mahubiri ya ustaarabu hayajasaidia kitu. Inahitajika kanuni inayombana kila mmoja, ili dereva mwenye adabu asionekane mjinga.

Hapo husikika jibu la kwanza: pori ni kubwa, nafasi ipo. Ni kweli Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro mzima. Lakini hoja hii ni ya kondakta wa daladala anayepiga kelele "sogea nyuma, nafasi ipo" wakati abiria wamebanana mlangoni. Hakuna mtalii anayekwenda kutazama kilomita 14,763. Anakwenda Kogatende wakati wa kuvuka, Seronera kutafuta chui, Ndutu, mpakani na Ngorongoro, nyumbu wanapozaa. Kreta ya Ngorongoro, ambayo kila msafara wa kaskazini unataka kushuka, ina sakafu ya takriban kilomita za mraba 260 tu. Na sehemu hizi hazikupendwa na watalii kwa bahati. Zina maji, kivuli, malisho au mteremko wa kuvukia, yaani vile vile ambavyo mnyama hana pengine pa kuvipata. Mtu akibanwa kivukoni ataondoka na picha mbaya. Nyumbu akibanwa pale pale amekosa njia.

Na madhara yake yamepimwa. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya duma wa Maasai Mara, Kenya. Katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao hadi wakajitegemea. Katika maeneo yenye watalii wachache alilea 2.3. Zidisha kwa uzao kumi: huku watoto wawili, kule ishirini na watatu. Duma huwinda mchana na hutegemea kumwona swala kabla swala hajamwona yeye. Magari yakimzingira tangu asubuhi, siku hiyo hakuna mawindo, na watoto wake hawana akiba. Anayesema watalii wengi ni dalili ya pori lenye afya ajibu kwanza hesabu hii, maana kwa mwendo huo duma wanaouzwa kwenye vipeperushi watabaki kwenye vipeperushi.

Jibu la pili ni la fedha: ukiweka kikomo, umepunguza mapato. Linasemwa kana kwamba halihitaji ushahidi, nao ushahidi uliopo unasema kinyume. Rwanda iliruhusu wageni wanane tu kwa kila familia ya gorila wa milimani kwa siku, saa moja tu, kisha Mei 2017 ikapandisha kibali kutoka dola 750 hadi 1,500. Wengi walitabiri kwamba soko lingekimbilia Uganda moja kwa moja. Halikukimbia. Vibali 96 vya Rwanda kwa siku, vikinunuliwa vyote, ni dola 144,000. Kwa kiingilio cha Serengeti cha dola 70 kabla ya kodi, ungehitaji wageni zaidi ya 2,000 kufikia kiasi hicho, pamoja na magari yao, mavumbi yao, vyoo vyao na taka zao. Uganda nayo, yenye utaratibu ule ule wa wageni wanane na saa moja, ilipandisha kibali chake hadi dola 800 mwaka 2024.

Najua nitaambiwa kwamba gorila ni adimu, nyumbu wapo zaidi ya milioni moja, mifano hailingani. Sawa, tuache gorila, tuvuke mpaka wa hifadhi ya Maasai Mara. Nje kidogo ya hifadhi, ambako hakuna uzio wowote, wafugaji wa Kimaasai wenye hati za ardhi waliunganisha maeneo yao wakaanzisha hifadhi za jamii: Olare Orok mwaka 2006, ambayo baadaye ikawa Olare Motorogi, kisha Naboisho mwaka 2010. Simba ni wale wale, majani ni yale yale. Kilichobadilika ni sheria. Naboisho inaruhusu hema moja la wageni kwa kila ekari 350. Olare Motorogi moja kwa kila ekari 700. Kwenye mnyama mmoja hayasimami zaidi ya magari matano. La sita linasubiri zamu. Mwenye ardhi analipwa kodi ya ardhi yake, na ng'ombe wake bado wanalishwa humo kwa ratiba. Wageni wanalipa bei ya juu kulala huko, na wanachonunua ni utulivu huo huo. Ndani ya hifadhi yenyewe Kaunti ya Narok, inayoisimamia, ilipandisha kiingilio hadi dola 200 kwa miezi ya Julai hadi Desemba kuanzia 2024, na magari bado yanajazana mtoni. Fundisho liko wazi: bei bila idadi haipunguzi msongamano. Inapandisha tu gharama ya kubanana.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nchi inayofukuzia vichwa inalazimika kushusha bei ili kuwapata, kujenga vitanda zaidi ili kuwalaza, kisha kushusha bei tena ili vitanda visikae tupu. Mgeni mwenye uwezo na subira, anayekaa siku kumi na kurudi tena, ndiye wa kwanza kuhama anapoona foleni ya magari, na huwa hatoi taarifa akihama.

Sasa tuwageukie waliokata tamaa, maana wao wananisikitisha kuliko wafanyabiashara. Mfanyabiashara anajua anachotaka. Aliyekata tamaa anamsaidia bila malipo. Wanasema umati hauzuiliki. Basi waeleze haya. Sensa ya mwaka 1981 katika milima ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, ilihesabu gorila 254. Ile ya 2015 na 2016 ikakuta 604. Wameongezeka wakiwa katikati ya mojawapo ya maeneo ya vijijini yenye watu wengi zaidi Afrika, baada ya vita na mauaji ya kimbari, na wakiwa wanatembelewa kila siku. Hilo limewezekana kwa sababu askari na matabibu wa wanyama walikaa nao, na kwa sababu ziara zenyewe zina nidhamu ya hospitali: mgonjwa wa mafua anarudishwa, umbali unatunzwa, saa moja ikiisha mwongozaji anasema twende, na watu wanakwenda, hata aliyetoka New York asubuhi ya jana.

Wala si gorila peke yao. Mwaka 2010 Tanzania ilitaka kupitisha barabara kuu kaskazini mwa Serengeti, na watu wakasema serikali ikitaka barabara nani ataizuia. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi damu kwenye Msitu wa Karura, jijini Nairobi, wakizuia vipande vya msitu kugawiwa wajenzi. Leo wakazi wa Nairobi wanatembea humo jioni na watoto wao, na nina hakika miongoni mwao wapo waliosema wakati ule kwamba mama yule anapoteza muda.

Hata kanuni ndogo hushika pakiwa na wa kuisimamia. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani kabla ya safari, usizidi kilo 20. Wagumu, kama wapagazi wa mlima ule wanavyojiita, hukaa foleni na magunia yao, askari anasoma mshale, na kilichozidi kinatolewa. Udanganyifu upo, hususan baada ya geti, lakini mizani ile imeokoa migongo. Ilihitaji mizani na mtu wa kuisoma. Kogatende hatujaweka hata hivyo viwili.

Jibu la tatu ndilo zito, na nalipa heshima yake: kikomo ni ujanja wa kuwafungia wanyonge mlango. Dola 1,500 ni fedha ambayo mwalimu wa Musanze, Rwanda, hawezi kuiwaza. Hata bei ya punguzo ya dola 200, ambayo Rwanda imewawekea raia wa Afrika Mashariki, bado ni mzigo kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Pori lililolindwa na bei peke yake ni klabu, na klabu haina haki ya kuomba wanakijiji wailinde.

Lakini tuulize: huu msongamano wa sasa unamnufaisha mnyonge gani? Raia wa Tanzania anaingia Serengeti kwa shilingi 10,000 kabla ya kodi. Kinachomzuia mtoto wa Musoma kumwona nyumbu akivuka ni nauli, gari na mahali pa kulala. Yeye hayumo katika ule umati wa Mto Mara. Waliomo ni wageni wa kambi za mahema zenye mashuka meupe. Ukipunguza magari yao kivukoni, hujamgusa mtoto yule. Umempa tu nafasi, kama utakuwa na nia ya kumletea basi. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kimeonyesha namna hiyo tangu miaka ya 1990. Kina vibanda saba tu vya wageni. Fedha ya vibanda hivyo inalipa walinzi wa matumbawe, ambao wa kwanza wao walikuwa wavuvi wa maeneo yale, na inawapeleka wanafunzi wa Zanzibar kuyaona matumbawe ya kwao. Wachache wanalipa ili wengi wajifunze, kwa zamu, bila kuyakanyaga matumbawe yakafa.

Na kama tunazungumzia wanyonge, tuzungumzie Ngorongoro. Huko serikali imekwisha kukubali kwamba ardhi ina kikomo chake. Ilipoeleza kwa nini wakazi wahamie Msomera, wilayani Handeni, kuanzia Juni 2022, ilitoa hesabu: mwaka 1959 walikuwa takriban 8,000, sasa wamepita 100,000, mifugo imezidi, ikolojia inaelemewa. Serikali inasema wanaohama wanahama kwa hiari. Wakazi wengi wanasema hiari hiyo ilikuja baada ya huduma zao kubanwa, na Agosti 2024 walijitokeza kwa maelfu barabarani kupinga. Sitamaliza mgogoro huo hapa. Nasema hivi tu: hesabu iliyotumika kwa boma la Mmaasai itumike pia kwa hoteli zilizopangwa ukingoni mwa kreta na kwa magari yanayoshuka kila alfajiri. Haiwezekani ardhi ielemewe na ng'ombe, kisha isielemewe na Land Cruiser. Anayepigania pori dhidi ya msongamano akianza kwa kumwondoa aliyezaliwa humo, huku akimkaribisha aliyekuja kwa siku mbili, amejichagulia adui asiye wake.

Wapo wenye busara wanaosema dawa ni kuwatawanya wageni: wapelekwe Ruaha, Katavi, Nyerere. Naafiki kwa sharti. Kusini na magharibi kuna hifadhi ambazo mgeni anaweza kukaa asubuhi nzima na simba bila gari la pili. Utulivu huo ndio mtaji wao. Ukiwapeleka watu huko kabla ya kuweka idadi ya vitanda na magari, utakuwa umehamisha ugonjwa, na miaka ishirini ijayo tutatafuta pa kuwatawanyia waliojaa Ruaha.

Kinachotakiwa si miujiza. Vivuko vya Mto Mara, vya upande wa Tanzania na wa Kenya, viwe na idadi ya magari iliyotangazwa hadharani, zamu inayokatiwa kibali kabla ya safari, na askari mwenye mamlaka ya kurudisha gari la yeyote, hata la mkubwa. Vitanda vipya visimamishwe kwenye maeneo yaliyoelemewa. Mpango wa usimamizi wa Maasai Mara wa 2023 hadi 2032 umekwisha kuandika zuio la namna hiyo, na kuandika ndiyo sehemu rahisi. Katika kila idadi itakayowekwa, fungu litengwe kwa wanafunzi na wananchi, lisiuzwe kwa dola hata msimu ukiwa wa moto. Na wanaoishi jirani na pori wawe na kura katika kuipanga idadi hiyo, maana wao ndio wanaoliwa ng'ombe na kukanyagiwa mashamba.

Hayo yote yataitwa vikwazo vya biashara. Hata uamuzi wa Rwanda uliitwa hivyo. Kwa hiyo nawageukia waandishi wenzangu. Waziri atakaposimama tena kutangaza idadi mpya ya watalii, msiishie kuinakili. Muulizeni: mheshimiwa, magari mangapi yanatosha Kogatende kwa asubuhi moja, na nani anayahesabu? Akiwa na jibu, tuliandike kwa herufi kubwa. Akikosa, msipige makofi.